Sura ya Tisa: Karata Mezani kwa Mama Willis

Kama dharau ingekuwa chakula, Leonida angeondoka Homa Bay siku ile akiwa ameshiba.

Alianza kuandaliwa chakula hicho akiwa bado langoni. Roseline, mama yake Willis, alimtazama kuanzia viatu, akapanda polepole hadi kwenye kitambaa cha kichwani, kisha akashuka tena hadi kwenye viatu kama mtu aliyesahau kitu huko chini.

"Kumbe ndiye huyu," akamwambia mwanawe. "Uliniambia ni fundi wa nguo. Hukuniambia ana umri gani."

"Mama, mkaribishe mgeni kwanza," Willis akasema, akacheka.

Alicheka. Leonida alikuwa amesafiri kutoka Migori tangu asubuhi, amevaa gauni la bluu alilojishonea kwa wiki mbili, na mkononi ana kifurushi cha vitambaa vya viti alivyotarizi maua kwa mkono wake. Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kicheko kile. Alipomtazama Willis usoni, akakutana na yale macho yaliyomfanya akose usingizi miaka miwili, macho mapole yenye kope ndefu kama za mtoto, na moyo wake mjinga ukamsamehe kabla hajamwomba.

Mama Roseline alikipokea kifurushi kwa vidole viwili, akakiweka sakafuni nyuma ya mlango bila kukifungua.

Leonida alikuwa na miaka thelathini na saba. Alikuwa na cherehani yake sokoni Migori, akishona sare za shule, na jioni, wenzake walipofunga vibanda wakaenda kupika, yeye alijifunga kanga kiunoni, akachukua daftari na kwenda chuoni kusoma kompyuta. Willis alikutana naye Rongo kwenye mashindano ya kwaya. Willis alikuwa na shahada na alifanya kazi katika kitengo cha kompyuta cha ofisi moja mjini Homa Bay. Siku ile ya kwanza alimwambia, "Sauti yako imenifanya nisahau nilichokuja kufanya." Leonida aliyahifadhi maneno hayo kama mtu anavyohifadhi nguo ya Jumapili.

Waliketi kula samaki. Mama Roseline hakula. Aliuliza.

"Nyar Uriri, nasikia unasoma jioni." Alimwita hivyo, binti wa Uriri, kwao alikozaliwa, ingawa jina lake alilijua. "Mtu wa umri wako anafundishwa nini? A, B, C?"

"Kompyuta, mama. Tunafundishwa kuandika programu."

"Programu za kanisa?"

Leonida angeweza kusema ndiyo na chakula kikaendelea. Lakini hakuwa na mazoea ya kudanganya, na asubuhi ile alikuwa amepiga magoti akimwomba Mungu amlindie ulimi.

"Hapana, mama. Sasa hivi ninaandika ya karata."



"Karata!" Mama Roseline akamgeukia mumewe. "Oyaro, umesikia? Mwanao ametuletea mcheza kamari. Tena amefunga kitambaa kichwani kama mama wa maombi!"

Mzee Oyaro, karani mstaafu wa gatini, alikuwa akihangaika na kichwa cha samaki. Aliinua uso haraka mno kwa mtu asiyependezwa. "Karata gani? Ile ya kadi?"

"Ndiyo, baba. Ile ambayo lazima utangaze 'niko kadi' kabla ya kumaliza."

"Yawa!" Furaha ilimponyoka mzee. Kisha akayaona macho ya mkewe, akarudi kwa samaki wake.

Leonida akaeleza kwa upole. Mwalimu wao, Nyangau, alikuwa amewapa wote kazi moja: waandike programu inayotazama karata zilizo mkononi mwa mchezaji, iseme kama anaweza kuzimaliza zote kwa zamu hiyo au bado. Jumatatu kila mmoja angesimama mbele na kuonyesha yake. Wenzake walikuwa wamekua na karata. Yeye alikuwa ameambiwa tangu utotoni kwamba hizo ni karatasi za shetani. Basi jioni aliyopewa kazi alipiga magoti katikati ya vipande vya sare akasema, "Bwana, unajua sijawahi kuzishika. Kama ni dhambi, nizuie." Hakuzuiwa. Asubuhi akaenda kwenye stendi ya bodaboda na daftari lake, akawaomba wanaume wa pale wamfundishe. Mmoja alicheka hadi akaishika pikipiki asianguke. Lakini walimfundisha wiki nzima: karata huwekwa juu ya nyingine ya rangi ileile, yaani kopa, shupaza, uru au pau, au ya namba ileile, na za namba moja huweza kulazwa kwa zamu moja, nane na Malkia ni maswali, lazima yajibiwe kwa karata ya rangi ileile au swali lingine, mbili na tatu ni adhabu, anayefuata aokote, Jeki humruka mtu, Mfalme hurudisha mchezo nyuma, na mwisho humalizi ila kwa karata ya kawaida.

"Umekaa na watu wa bodaboda wiki nzima," Mama Roseline akasema. Ndicho pekee alichokisikia.

"Mama, usijisumbue," Willis akasema, akijichomoa mwiba menoni. "Ni mambo ya watoto hayo. Sisi tulifanya mwaka wa kwanza. Unaandika kama hii ni Malkia fanya hivi, kama hii ni nane fanya vile, kama, kama, kama, mpaka usinzie. Mwache acheze. Tukishaoana mambo ya jioni yatakwisha."

Leonida akaweka tonge chini. "Yatakwisha?"

"Si tulikubaliana?"

"Hatukukubaliana, Willis. Wewe ulisema. Mimi nilinyamaza."

"Basi ndiyo hivyo hivyo," akasema, akampapasa mkono kama anavyopapaswa paka. Na aibu ni kwamba ule mkono, pamoja na yote, ulimwingia hadi kwenye mifupa.

Mama Roseline alipoondoka kwenda jikoni kutengeneza chai, Mzee Oyaro alitazama mlango, akatoa mfukoni kikasha cha miwani, na ndani yake hapakuwa na miwani. Palikuwa na karata, zimechakaa pembeni kama noti za zamani.

"Nionyeshe, nyathina, mwanangu," akanong'ona. "Haraka."

Leonida akafungua kompyuta yake kuukuu. Akafumba macho kidogo, midomo ikacheza.

"Unaiombea kompyuta?" Willis akauliza kwa sauti ya kupendeza kabisa. "Baba, umeona? Sisi wengine tulikosea kwenda chuo kikuu. Kumbe ni kufumba macho tu."

 Mzee alikuwa tayari amepanga karata nne mbele yake: Malkia wa kopa, nane ya kopa, nane ya shupaza na sita ya shupaza. Katikati ya meza akaweka saba ya kopa, ndiyo ya kuchezewa juu yake.

"Haimaliziki," Willis akasema hata kabla Leonida hajamaliza kuchapa. "Maswali matatu, jibu moja, tena la rangi nyingine. Mtoto wa darasa la nne anaona."

Leonida akabonyeza. Kwenye kioo yakatokea maneno: UNAWEZA KUMALIZA. Chini yake, mpangilio.

Mzee akausoma akivuta mdomo, huku akizilaza karata moja moja. Malkia wa kopa juu ya saba ya kopa. Swali. Nane ya kopa juu ya Malkia. Swali tena. Nane ya shupaza juu ya nane mwenzake. Swali tena. Sita ya shupaza. Jibu. Mkono ukabaki mtupu.

"Min Willis!" Mzee akamwita mama Willis kwa kelele, amesahau kwamba karata zenyewe zilikuwa za siri. "Min Willis, njoo uone! Hii kitu ina akili kuliko gati lote!"

Mama Roseline akatokea na sinia la chai. Akaziona karata juu ya kitambaa chake cha meza, akaona kikasha cha miwani, akavuta pumzi ya kutosha kuhubiri mahubiri mawili. Mzee hakumpa nafasi.

"Nani aliandika hii? Mtu aliyeandika hii anajua kadi kuliko mimi!"

Leonida akafungua kinywa. Willis akamtangulia.

"Nilimsaidia," akasema, akiegemea kiti. Kisha, kwa kuwa mama yake alikuwa akimtazama: "Kusema kweli, karibu yote ni yangu. Yeye alichapa tu."

Aliyasema hayo bila kope hata moja kutikisika.

"Nilijua!" Mama Roseline akaweka sinia mezani, katikati ya karata zilezile za shetani. "Nilisema moyoni, akili kama hiyo ni ya nyumba hii. Kumbe si kamari. Ni sayansi." Akamimina chai, na kikombe cha kwanza akampa Leonida. "Kunywa, nyathina. Mume wako ni mtu wa kukuinua."

Akaenda nyuma ya mlango. Akakifungua kifurushi, akakitandika kitambaa kimoja kwenye kiti kikubwa, akarudi hatua moja kukitazama. "Na mkono wa sindano unao," akasema.

Chini ya meza Willis akaushika mkono wa Leonida. Akamwinamia sikioni, hata akasikia harufu ya sabuni yake, ileile ya Rongo.

"Niachie hii moja tu, Leo," akanong'ona. "Si umeona? Ameshakukubali. Nyamaza kidogo tu."

Hapo ndipo Leonida alipoona mlango ukiwa wazi. Alichotakiwa kufanya ni kunywa chai. Angekuwa mke. Angeitwa nyathina kila siku, na viti vyote vya nyumba ile vingevaa maua yake. Dada zake waliokuwa wakimwuliza kila Krismasi, "Na wewe je?" wangenyamaza. Miaka thelathini na saba ni mingi kuishi na cherehani. Na ule mkono ulikuwa na joto.

Lakini alizikumbuka jioni zake. Mara tatu aliiandika kazi ile vibaya, kwa zile "kama" ndefu ambazo Willis alizitaja, na mara tatu ikamfia mikononi: akirekebisha Malkia, Jeki anaharibika. Mara ya nne Mwalimu Nyangau akamwambia, "Mama Sare, acha kuzihoji karata kama askari wa zamu. Kila karata ijue kazi yake yenyewe." Ndipo akaunda aina moja kubwa, Karata, na kutoka kwake akazizaa nyingine ndogo: ya kawaida, ya swali, ya adhabu, ya kuruka, ya kurudisha. Kila moja ilirithi ilichohitaji na kubeba tabia yake. Kazi ya mkono wa mchezaji ikabaki kuuliza tu, na karata kujibu. Ilipofanya kazi mara ya kwanza Leonida alilia darasani, na watoto wa miaka ishirini wakamtazama kama mgonjwa.

Hayo yote, eti, alichapa tu.

"Willis," Mzee Oyaro akasema, akichanganya karata kwa mikono iliyojaa mazoea. "Ina kosa moja. Hapa kwetu gatini mtu anaweza kumaliza na Mfalme. Huko Migori hawakubali, lakini hapa tunakubali. Niwekee hiyo sheria nijaribu."

"Sasa hivi?"

"Si umeiandika wewe? Itakuchukua muda gani?"

Mama Roseline akatabasamu kwa fahari, akavuta kiti. Willis akaivuta kompyuta upande wake.

Leonida akanywa chai. Hakuna chai iliyowahi kuwa na sukari kama ile.

Willis akafungua kazi, akashuka, akapanda. Akafungua faili nyingine, na nyingine. Uso ukaanza kumbadilika.

"Mbona mafaili ni mengi hivi?" likamtoka.

"Unauliza nani?" mama yake akashangaa.

"Ninajiuliza tu, mama." Akaendelea kutafuta ile orodha ndefu ya "kama" aliyoitarajia, hakuiona. Mwishowe akachomeka "kama ni Mfalme" yake mwenyewe mahali alipoona nafasi, akabonyeza. Kioo kikajaa maandishi mekundu.

"Ina nini?" Mama Roseline akauliza.

"Ni hii kompyuta yake. Ya mtumba."

Akajaribu tena. Wekundu ukaongezeka. Leonida alimtazama shingoni, mahali alipopenda kumtazama akiimba, akaona jasho likiteremka kuingia kwenye kola. Kwa mara ya kwanza katika miaka miwili alimtazama asisikie chochote kinachopiga kifuani. Alikisubiri. Hakikuja.

Willis akainua yale macho yake. Mapole, yenye kope ndefu, yakiomba.

"Leo, hebu nikumbushe. Uliiweka wapi ile?"

"Ile gani?"

"Ile ya Mfalme."

"Wewe ndiye uliyeiandika, Willis. Mimi nilichapa tu."

Mzee Oyaro akaacha kuchanganya karata. Mama Roseline akatazama huyu, akatazama yule. Leonida akafumba macho kidogo, kama alivyofanya mwanzo. Safari hii hakuna aliyemcheka.

"Baba, mama," akasema, "programu hii niliiandika mimi, jioni kwa jioni, Migori. Willis ameiona leo kwa mara ya kwanza, pamoja nanyi. Aliponiuliza ninasoma nini kule chuoni, hakuwahi kusubiri jibu."

Akaivuta kompyuta. Akafuta kwanza alichochomeka Willis. Kisha akaanza kuandika, na kwa kuwa mzee alikuwa amesogea kutazama, akamweleza kama anavyomweleza mteja mshono.

"Hizi ni kanuni za Migori, baba, siziharibu. Ninazizalia mtoto, ninamwita Kanuni za Homa Bay. Amerithi kila kitu kwa mama yake. Ninambadilishia neno moja tu, kwamba kwake Mfalme anamaliza. Ukiwa hapa tunatumia mtoto, ukija Migori tunatumia mama."

"Na zile nyingine hazitaharibika?"

"Hazijui hata kama kuna kilichotokea."

Ilikuwa mistari tisa. Mzee akapanga Mfalme wa uru na Mfalme wa pau mkononi, katikati tano ya uru. Yeye mwenyewe akabonyeza kwa kidole cha shahada. UNAWEZA KUMALIZA. Akabadilisha ziwe kanuni za Migori, akabonyeza tena. BADO.

Hakupiga kelele mara hii. Aliivua kofia yake tu, akaiweka juu ya goti.

Mama Roseline ndiye aliyeipata sauti kwanza. "Mwanamke anayemwaibisha mume wake mbele ya mama yake hawezi kukaa nyumba hii."

"Hajawa mume wangu, mama."

"Na hatakuwa!"

"Ni sawa, mama. Asante kwa chai."

Willis akasimama ghafla, kiti kikaanguka. "Kwa sababu ya karata? Utaacha nyumba, utaacha jina, kwa ajili ya kazi ya mwaka wa kwanza? Unafikiri kuna mwingine anayekungoja huko Migori? Na umri huo?"

Leonida akaifunga kompyuta, akaiingiza mkobani. 

"Ungesema programu yangu ni mbaya, ningerudi kuirekebisha," akasema. "Ungesema mimi ni mzee, ningekubali, ni kweli. Yote uliyosema tangu nifike nimeyameza, Willis, kwa sababu nilikupenda, na Mungu anajua nilivyokupenda. Lakini ulipokuwa ukiidharau ilikuwa yangu. Ilipopendwa tu, ikawa yako. Ningezaa watoto na wewe, wakifeli wangekuwa wangu. Wakifaulu je?"

 Akamwinamia Mzee Oyaro kwa heshima, akatoka.

Jua la saa tisa lilikuwa kali uani. Alikuwa amefika langoni aliposikia viatu vikimfuata kwa haraka, na viatu hivyo alivijua. Moyo ule uliokuwa umenyamaza mezani ukajaribu kunyanyuka mara moja ya mwisho. Akapunguza mwendo. Akajiambia kwamba kama angesema neno moja tu, samahani, hata kwa sauti ya chini, hata bila kumtazama, Mungu angemwambia la kufanya.

"Leo," Willis akaita.

Akageuka.

Willis alisimama hatua mbili kutoka kwake, mikono mfukoni. Akatazama nyuma kuelekea nyumba, kuhakikisha mama yake hasikii, kisha akashusha sauti hadi ikawa ile laini ya Rongo.

"Ile ya kuzaa kanuni mpya bila kugusa za zamani. Umeifanyaje? Kuna mfumo pale ofisini umenishinda tangu Februari."

 Leonida aliyatazama macho, akazitazama kope, akaona kwamba ni kope tu, kama za ng'ombe, kama za mtu yeyote.

"Masomo ya chuoni yanaanza saa kumi na mbili jioni, Jumatatu hadi Alhamisi," akamwambia. "Fomu unachukua kwa karani pale mlangoni. Usiogope, hawaulizi umri."